Namna ya kuondoa mafaili ya usanidi yaliyopitwa na wakati bila kuvunja mfumo

Mfumo ninaoutunza hapa Arusha hupokea maombi ya safari kutoka kwa mawakala wa utalii wa mjini hapa na wa Moshi, hukokotoa gharama za kupanda Kilimanjaro kwa njia za Marangu, Machame, Lemosho na nyinginezo, hutoa ankara, na hutuma ujumbe mfupi kwa waongoza watalii. Ulianza kuandikwa mwaka 2008 na umepita mikononi mwa wahandisi wengi. Tulipokaa kuuhesabu tulikuta una mafaili ya usanidi zaidi ya 400, yaani yale mafaili yasiyokuwa na msimbo wenyewe wa programu ila yana maelekezo ambayo msimbo huyasoma unapoanza kazi: anwani za seva, viwango vya kodi, funguo za malipo, muda wa kusubiri, lugha ya ankara. Sote tuliamini kwamba karibu nusu yake hayatumiki tena, lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kuonyesha kwa kidole ni nusu ipi.

Mwongozo huu unaeleza jinsi tulivyoyachambua na kuyaondoa. Nimeuandika kwa ajili ya mhandisi aliyerithi mfumo wa namna hiyo, ambao watu wanautegemea kila siku na ambao hauwezi kusimamishwa wiki nzima ili usafishwe. Nimetumia mifano ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili) na Linux (mfumo endeshi wa seva zetu) kwa kuwa ndivyo tunavyovitumia, ila utaratibu wenyewe unafaa kwa zana nyingine pia.

Kwa nini kazi hii isiahirishwe

Faili lisilotumika hula muda wa watu. Mhandisi mpya anaombwa kuongeza muda wa kusubiri malipo ya simu, anakuta mafaili matatu yenye kigezo kilekile, anabadilisha lile aliloliona kwanza, anajaribu, haoni tofauti yoyote, anarudia tena, na jua linazama akiwa palepale. Nimeliona hili kwa kila kijana aliyejiunga nasi, na ni dhuluma kumpokea mtu kazini kwa namna hiyo.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale kitu kilichosahauliwa kinapoamka. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani iliyoitwa Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Swichi iliyochaguliwa kuwasha kazi mpya ilikuwa imewahi kutumika zamani kuwasha kazi nyingine, Power Peg, ambayo kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003 lakini msimbo wake ukabaki ndani ya mfumo. Kwenye seva ya nane, ambayo haikupata programu mpya, swichi hiyo iliamsha kazi ya zamani tarehe 1 Agosti, na katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ikafanya biashara isiyokusudiwa iliyoitia hasara ya zaidi ya dola milioni 400. Mfumo wetu hauuzi hisa, lakini una swichi nyingi za aina hiyo, na nyingine ziliwekwa na watu ambao hatuwezi tena kuwapigia simu.

Hatua ya kwanza: chagua majira na weka alama ya kurudia

Kazi hii ifanyike wakati biashara imetulia. Kwetu wakati huo ni masika, mwezi Aprili na Mei, ambapo mvua hupunguza wageni na mawakala wana nafasi ya kupokea simu zetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, wageni ni wengi na kosa dogo huonekana papo hapo mbele ya mteja aliyekwisha lipa. Kama mfumo wako ni wa shule, wa ushirika wa kahawa au wa zahanati, utakuwa na masika yake. Yatafute kabla hujaanza.

Kabla ya kugusa chochote, weka alama kwenye tawi kuu kwa `git tag kabla-ya-usafi`, na uhakikishe kwamba timu inajua jinsi ya kurudisha badiliko moja kwa `git revert`. Usiishie kuuliza kama wanajua. Mwombe mmoja wao abadilishe faili kwenye seva ya majaribio, kisha alirudishe, huku ukitazama muda unaotumika. Sisi mara ya kwanza tulitumia dakika 40, kwa sababu utaratibu wa kupeleka mabadiliko kwenye seva ulikuwa na hatua mbili za mikono ambazo hazikuandikwa popote. Tulizirekebisha kwanza.

Hatua ya pili: andika orodha yote

Usianze na faili linalokukera. Anza na orodha kamili, ambayo kwa kiasi kikubwa Git itakupa kwa amri moja:

`git ls-files '*.ini' '*.yml' '*.yaml' '*.json' '*.conf' '*.properties'`

Ongeza mafaili yasiyo na kiambishi cha kawaida (herufi za mwisho wa jina, kama `.ini`), na yale ambayo jina lake huanza na nukta. Kisha ingia kwenye seva yenyewe na ulinganishe, kwa sababu baadhi ya mafaili ya usanidi yaliwekwa huko kwa mkono na hayamo ndani ya Git kabisa. Weka yote kwenye jedwali lenye safu tano: mahali lilipo, tarehe ya badiliko la mwisho, nani analisoma, nani anawajibika nalo, na uamuzi.

Tarehe utaipata kwa `git log -1 --format=%as -- njia/ya/faili`, lakini usiipe uzito mkubwa. Mwaka mmoja mwenzetu alipanga upya nafasi tupu kwenye mafaili yote kwa mpigo, na tangu siku hiyo mamia ya mafaili yanaonekana kama yalihaririwa pamoja. Kwa upande mwingine, faili ambalo halijaguswa kwa miaka tisa linaweza kuwa ndilo linaloshikilia anwani ya hifadhidata. Safu inayoamua ni ya tatu, yaani nani analisoma, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuijaza.

Hatua ya tatu: mtafute msomaji ndani ya msimbo

Tafuta jina la faili kwa `git grep`, amri inayotafuta maneno ndani ya mafaili ya mradi, kwanza likiwa kamili, kisha bila kiambishi, kisha kipande chake tu. Sababu ya kutafuta kipande ni kwamba msimbo mwingi hauliandiki jina zima. Huliunda kwa kuunganisha maneno wakati programu inaendelea. Kwetu kulikuwa na mstari uliounganisha neno `sms_`, jina la mtandao wa simu kutoka kwenye hifadhidata, na `.ini`. Mtu akitafuta `sms_zain.ini` katika msimbo wote hapati jibu hata moja.

Nikae kidogo kwenye faili hilo, kwa sababu lilitufundisha mengi. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kwamba mtandao wa Celtel uligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Faili lenye jina la Zain, ambalo halitajwi popote katika msimbo, lilionekana kuwa la kwanza kufaa kufutwa. Tulipolifungua tulikuta mistari sita. Mstari wa anwani ya seva ulikuwa na anwani inayofanya kazi leo. Mstari wa jina la mtumaji ulikuwa na jina letu la sasa. Mhandisi wa wakati ule hakuwa na nafasi ya kubadilisha jina la mtandao ndani ya hifadhidata, ambako liliandikwa `zain` kwenye maelfu ya rekodi, basi alibadilisha anwani ndani ya faili na kuacha jina kama lilivyokuwa. Kila mwongoza watalii mwenye namba ya Airtel alikuwa akipata ujumbe wake kupitia faili hilo. Tangu hapo, katika timu yetu, jina la faili halikubaliwi kama ushahidi wa kitu chochote.

Baada ya majina yanayoundwa njiani, angalia makundi mengine matatu ambayo `git grep` haiyaoni.

La kwanza ni mafaili yanayosomwa kwa kuwa tu yamo ndani ya folda fulani. Programu kama Nginx, ya kuhudumia tovuti, huelekezwa kusoma kila faili lenye `.conf` katika folda moja. Hapo hakuna jina linalotajwa, na kila kilichomo kinafanya kazi.

La pili ni mafaili yanayosomwa na zana za maendeleo kwa desturi, kama `.editorconfig`, `.gitattributes`, `.dockerignore` na `.npmrc`. Hakuna mstari wa msimbo wako unaoyataja, lakini ukifuta `.dockerignore` unaweza kujikuta umepakia nywila ndani ya kifurushi kinachokwenda kwenye seva. Ndani ya kundi hilohilo, hata hivyo, ndimo kwenye mavuno mepesi, kwa sababu zana zenyewe hustaafu. Faili la `tslint.json` halina kazi katika mradi uliokwisha hama kutoka TSLint kwenda ESLint, ambazo zote ni zana za kukagua makosa ya msimbo, maana TSLint ilitangazwa kuachwa mwaka 2019. Mafaili ya `.eslintrc` hayasomwi tena kwa kawaida kuanzia ESLint toleo la 9 la mwaka 2024, ingawa katika toleo hilo unaweza kuiamuru zana iyasome. Faili la `.travis.yml`, la huduma ya majaribio ya Travis, katika mradi ambao majaribio yake yalihamishwa zamani kwenda kwingine ni mfano wa tatu. Anza kufuta hapa: timu itazoea utaratibu kwenye mafaili ambayo kosa lake halimfikii mteja.

La tatu ni wasomaji walio nje ya mradi: kazi za cron kwenye seva (zinazojiendesha kwa ratiba), huduma za systemd (programu zinazowashwa na Linux yenyewe), hati za amri za kupeleka mabadiliko, hati za amri za kunakili data, na miradi mingine inayochukua faili kutoka kwenye mradi wako. Soma `crontab -l` ya kila mtumiaji wa seva, akiwemo msimamizi mkuu. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Hatua ya nne: soma historia ya faili

Amri ya `git log --follow` itakuonyesha faili lilikotoka hata kama lilibadilishwa jina. Yenye manufaa zaidi ni `git log -S 'jina_la_faili'`, ambayo huonyesha kila badiliko lililoongeza au kupunguza idadi ya mara ambazo maneno hayo yanatokea katika msimbo. Kwa njia hiyo unaweza kuipata siku ambayo msomaji wa mwisho aliondolewa, pamoja na maelezo aliyoacha aliyemwondoa. Ukiipata siku hiyo, umepata ushahidi mzito kuliko kutokuona jina popote leo, kwa sababu unajua msomaji alikuwa nani, aliondoka lini na kwa nini. Iandike kwenye jedwali.

Hatua ya tano: tazama mfumo ukiwa kazini

Hapa ndipo niliwahi kukosea, nikiwa katika kazi iliyotangulia hii. Mwezi Machi nilifuta mafaili kadhaa baada ya kuyafuatilia kwa siku 30 na kuona kwamba hayakuguswa. Mojawapo lilikuwa na mpangilio wa safu za ripoti. Tarehe 1 Julai saa mbili na nusu asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja mhasibu wa ofisi ya Moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile ripoti ya kufunga mwaka imetoka, lakini ni kichwa tu. Chini kweupe. Na wakaguzi wanakuja kesho."

Mwaka wa fedha wa ofisi ile ulifungwa tarehe 30 Juni, na programu ya kufunga hesabu ilisoma faili lile mara moja tu kwa mwaka. Siku zangu 30 za kuangalia zilikuwa na thamani ndogo sana, kwa kuwa sikujiuliza kalenda ya biashara ina urefu gani. Nililirudisha faili, nikaiendesha ripoti upya, mama akaipata kabla ya saa sita mchana. Lakini asubuhi ile yote alikuwa ameketi na hofu isiyokuwa yake.

Kwa hiyo muda wa kutazama uufuate mzunguko wa kazi wenyewe. Faili linalohusu maombi ya kila siku linaweza kutazamwa wiki sita, ili lipite mwisho wa mwezi mara moja au mbili. Chochote kinachogusa kodi, mishahara, ripoti za mwaka au bei za msimu kitazamwe mwaka mzima, au kithibitishwe kwa kuendesha programu husika kwa mkono kwenye seva ya majaribio, ikiwa imewekewa tarehe ya kufunga mwaka. Njia hii ya pili ndiyo tunayoitumia mara nyingi, maana hatuwezi kungoja mwaka kwa kila faili.

Kuna njia tatu za kutazama. Iliyo bora ni kuongeza mstari mmoja katika sehemu ya msimbo inayopakia usanidi, ili kila faili linaposomwa jina lake na muda viandikwe kwenye faili la kumbukumbu. Kama sehemu hizo ni nyingi au zimeandikwa kwa lugha tofauti, iache Linux yenyewe ifuatilie:

`auditctl -w /opt/mfumo/config/sms_zain.ini -p r -k usanidi`

Kisha baada ya muda soma majibu kwa `ausearch -k usanidi`, ambayo yatakuonyesha ni programu ipi iliyolifungua faili na lini. Njia ya tatu, ya kuangalia muda wa mwisho wa kusomwa ambao mfumo wa mafaili huuhifadhi, ninaitaja ili nikutahadharishe nayo. Tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, Linux kwa kawaida haiandiki muda huo kila faili linaposomwa. Huuandika pale tu muda uliopo unapokuwa wa kabla ya badiliko la mwisho la faili, au unapokuwa umepita saa 24. Zaidi ya hayo, programu ya kunakili data usiku nayo hufungua mafaili, na hata `grep` uliyoiendesha jana mwenyewe. Utaona kila kitu kimesomwa, na hutajua na nani.

Angalia pia saa za seva. Seva nyingi hufuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kazi iliyopangwa saa 23:00 ya tarehe 30 Juni kwa UTC kwetu hufanyika saa nane usiku, na tarehe tayari ni 1 Julai. Ukitafuta kwenye kumbukumbu za siku isiyo yake utaamini kwamba haikufanyika.

Hatua ya sita: fuata tabaka za vigezo

Katika mifumo mikubwa kigezo kimoja huandikwa mahali pengi, na faili la juu hufunika la chini. Hili linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu faili linaloonekana la ziada linaweza kuwa ndilo linalozuia thamani ya zamani isijitokeze.

Mfano wetu ulikuwa wa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani hapa Tanzania ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009. Ndani ya msimbo thamani ya msingi ilikuwa 0.18, na faili la `kodi_mpya.ini` nalo lilisema 0.18. Kijana mmoja alipendekeza faili hilo lifutwe, kwa kuwa linarudia tu kilichomo ndani ya msimbo. Hoja yake ilikuwa ya busara na sikumlaumu. Lakini katikati ya tabaka hizo mbili kulikuwa na faili la tatu, la mwaka 2008, ambalo bado lilisomwa na bado lilisema 0.20. Lingefutwa lile la juu pekee, kila ankara iliyotoka siku ile ingemtoza mteja kodi ya asilimia 20.

Kinga yake ni rahisi na ninaisisitiza kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Andika programu ndogo inayopakia usanidi wote kwa njia ileile ambayo mfumo huupakia, kisha ichapishe vigezo vyote na thamani zake za mwisho, vikiwa vimepangwa kwa alfabeti, na nywila zikiwa zimefichwa. Iendeshe kabla ya kufuta, iendeshe baada ya kufuta, na ulinganishe matokeo kwa `diff`, amri inayoonyesha mistari inayotofautiana. Faili lililokufa kweli likiondolewa, matokeo hayo mawili hufanana herufi kwa herufi. Yakitofautiana hata kwa mstari mmoja, faili hilo lilikuwa hai, na kazi yako ni kujua kwa nini. Fanya hivyo kwa kila mazingira: kompyuta ya mhandisi, seva ya majaribio, na seva inayohudumia wateja. Kama tungekuwa na muda wa kufanya hatua moja tu kati ya zote hizi, ningechagua hii.

Hatua ya saba: uliza watu

Tuma orodha ya mafaili unayokusudia kuyafuta kwa timu nzima, na pia kwa wahasibu, watu wa mapokezi na yeyote anayeendesha ripoti. Usiwapelekee majina ya mafaili, maana hayatawaambia kitu. Waulize kwa lugha ya kazi yao: kuna ripoti gani mnayoitoa mara moja kwa mwaka, kuna wakala gani anayetumiwa bei kwa namna ya pekee, kuna kitu gani ambacho mtu wa kompyuta aliyekuwepo zamani aliwawekea. Swali hili la mwisho ndilo lililotuletea majibu mengi. Wape wiki mbili, kisha wapigie simu wale ambao hawakujibu.

Hatua ya nane: tenga kwanza, kisha futa

Faili lililopita hatua zote lisifutwe siku hiyohiyo. Libadilishe jina, au lihamishie kwenye folda ambayo mfumo hauisomi, na uhakikishe kwamba programu ikilikosa inatoa kosa la wazi badala ya kuendelea kimyakimya na thamani ya kubuni. Ripoti ya yule mama ilitoka tupu kwa sababu hiyohiyo: msimbo ulipokosa faili ulijiundia orodha tupu ya safu na kuendelea. Ungesimama na kusema faili fulani halipo, tungelijua kosa kwa sentensi moja.

Acha faili likiwa limetengwa kwa muda ulioupanga katika hatua ya tano, kisha lifute kwa `git rm`. Futa kwa mafungu madogo, kila fungu likiwa na jambo moja: mafaili ya zana iliyostaafu peke yake, mafaili ya mtandao mmoja wa simu peke yake. Badiliko la mafaili matano hupitiwa kwa makini na mwenzako. Badiliko la mafaili 150 huidhinishwa bila kusomwa. Peleka kwenye seva asubuhi, kati ya Jumatatu na Jumatano, ili kukiwa na tatizo watu wote wawe kazini. Usipeleke Ijumaa mchana.

Katika maelezo ya badiliko, andika ushahidi. Kuandika "usafi" hakumsaidii mtu atakayekuja baada yako. Andika msomaji wa mwisho alikuwa nani, aliondolewa katika badiliko lipi, ulitazama kwa muda gani, na `diff` ya vigezo ilionyesha nini. Na usibakize nakala zenye majina kama `malipo.old.ini` au `malipo_nakala2.ini` kwa ajili ya tahadhari. Git inahifadhi kila toleo, na nakala za namna hiyo ndizo zilizotufikisha kwenye mafaili 400.

Kuhusu nywila

Mafaili ya zamani ya usanidi mara nyingi yana nywila na funguo za malipo. Kufuta faili hakuziondoi, kwa kuwa zimebaki katika historia ya Git na katika kila kompyuta iliyowahi kunakili mradi. Nywila yoyote utakayoikuta ichukulie kuwa imeshajulikana, na uibadilishe kwenye huduma husika kwanza, hata kama unaamini haitumiki. Kuisafisha historia yenyewe kwa `git filter-repo` kunawezekana, lakini kunabadilisha utambulisho wa mabadiliko yote yaliyofuata na kumlazimu kila mhandisi kunakili mradi upya, kwa hiyo sisi tulibadilisha nywila na kuiacha historia ilivyo.

Kuzuia yasirudi

Tumeweka masharti mawili tu. Kila faili jipya la usanidi lazima lianze na mistari mitatu ya maelezo: nani analisoma, nani anawajibika nalo, na lini lichunguzwe tena. Na majaribio yanayoendeshwa kila badiliko linapoletwa hukataa faili lisilo na mistari hiyo, au kigezo ambacho programu yetu ndogo haikuona kikisomwa. Kwa aina za mafaili zisizoruhusu maelezo ndani yake, kama JSON, mistari hiyo huandikwa kwenye faili la maelezo la folda husika.

Faili lililotuchukua muda mrefu kuliko yote liliitwa `mipangilio_USIFUTE.ini`. Kila mtu aliliogopa, na katika mapitio yote ya miaka iliyopita lilirukwa kwa sababu ya jina lake. Lilikuwa na vigezo kumi na viwili vya mashine ya faksi. Kwa `git log -S` tuliona kwamba msomaji wake aliondolewa mwaka 2014, na aliyemwondoa aliandika kwamba atalifuta faili baada ya kumaliza likizo. Vigezo havikutofautiana kabla na baada katika mazingira yote matatu. Tulilitenga kuanzia tarehe 1 Juni, likapita kufunga mwaka, likapita msimu wa wageni, na Jumanne moja ya mwezi Novemba saa tatu asubuhi tukalifuta, maelezo ya badiliko yakiwa na mistari minne na tarehe zake.